Fedha ya Kitamili huanzia miguuni

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mshonaji, duka langu liko Mji wa Kale, Mombasa. Nimepewa kazi ya kuwavisha waigizaji wa tamthilia ya kijiji kimoja kando ya mto Kaveri, kusini mwa India, mwaka 1900. Nina bibi harusi, mke wa mkulima, mumewe, na mtoto wa miaka miwili. Picha zote nilizoziona ni dhahabu tupu kutoka utosini hadi kiunoni. Mzee mmoja Mtamili aliniambia, "Usisahau fedha," akaishia hapo. Je, fedha ilivaliwa wapi na nani? Na mafurungu ya marehemu bibi yangu yanaweza kunifaa jukwaani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Huyo mzee amekwambia jambo kubwa kwa maneno mawili, nami nitajaribu kulifungua. Picha ulizoziona ni za kweli, lakini zinaonyesha vilivyosalia. Dhahabu ya mahekalu na ya matajiri iliandikwa, ikafungiwa, ikarithiwa. Fedha ya mke wa mkulima ilivaliwa mpaka ikalika, halafu ikayeyushwa. Kwa hiyo mshonaji anayefuata picha humvisha kila Mtamili kama malkia. Wewe anza nyayoni upande juu, na shingo iwe ya mwisho.

Kwa Wahindu wa Kitamili dhahabu ni ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, na kilicho chake hakishushwi chini ya kiuno kikapigwa na vumbi. Hivyo mwili uligawanyika: juu ya kiuno dhahabu kwa aliyenayo, chini ya kiuno fedha, awe tajiri au mkulima. Mke wa mwenye mashamba makubwa, kifua kimejaa dhahabu, miguuni alivaa fedha sawa na jirani yake. Walioruhusiwa kukiuka ni miungu yenyewe na watu wa kasri.

Mtu anayejua utenzi wa Silappatikaram atakupinga hapo, na ni haki yake, kwa sababu jina lenyewe la utenzi huo linatokana na silambu, yaani furungu, na furungu la Kannagi lilikuwa la dhahabu. Mumewe Kovalan, mfanyabiashara wa bandari ya Puhar aliyefilisika, alilipeleka Madurai kuliuza. Sonara aliyekuwa ameiba furungu la malkia akamsingizia wizi, na mfalme wa Pandya akaamuru auawe. Kannagi akaingia barazani kwa mfalme na furungu la pili mkononi. La malkia lilikuwa na lulu ndani, lake lilikuwa na yakuti. Lililogombaniwa likaletwa, akalivunja, na kito chekundu kikaruka mbele ya mfalme. Kisa hiki kina mambo mawili ya kukufaa wewe. Kwanza, zamani sana mke wa mfanyabiashara mkubwa aliweza kuvaa dhahabu mguuni, kwa hiyo usiichukulie kanuni ya Lakshmi kuwa ni ya tangu na tangu. Kwa kijiji cha 1900, lakini, ishike bila wasiwasi. Pili, silambu ni tupu ndani, kama mwanzi, na kilichomo ndani ndicho kinachotoa sauti. Kwa Kannagi ni yakuti, kwa mke wa mkulima ni vijiwe au vigololi vya chuma.

Hiyo sauti ndiyo nusu ya vazi. Nimewahi kumvisha mwigizaji mafurungu ya bati jepesi lililopakwa rangi. Kwa macho yalipendeza, lakini mwanamke yule alitembea kama mtu aliyevaa soksi, na watu wa viti vya nyuma hawakusikia kitu. Furungu zito hubadilisha mwendo: mguu hunyanyuliwa kidogo tu, nyayo yote hutua kwa pamoja, na miguu hupishana kwa nafasi ili pambo lisigongane na mwenzake. Mpe mwigizaji wako uzito huo tangu siku ya kwanza ya mazoezi, asikutane nao siku ya onyesho.

Sasa majina, maana Watamili hawana neno moja la pambo la mguuni. Kolusu ni mkufu wa fedha unaolala juu ya kifundo, laini, wenye vinjuga vidogo ukingoni. Huvaliwa na wasichana na wanawake vijana, na hadi leo mji wa Salem unajulikana kwa mafundi wake wa kolusu. Thandai ni bangili nene ya mguuni, ngumu, isiyo na mkufu. Wanawake waliivaa, na watoto pia, na hata Murugan, mungu kijana anayependwa kuliko wote katika nchi ya Watamili, husifiwa katika nyimbo kwa thandai za miguuni mwake. Silambu nimekwisha kukueleza. Wanaume nao walikuwa na lao, kazhal, pete nzito ya kifundoni iliyokuwa alama ya shujaa wa vita katika mashairi ya kale, lakini mkulima wako wa 1900 hakuijua isipokuwa kwa kusimuliwa. Njuga za wachezaji ngoma, salangai, ni jambo lingine kabisa: ni kengele za shaba zilizofungwa safu kwa safu, na hazivaliwi na mwanamke anayekwenda kisimani.

Bibi harusi ndiye mwenye kazi, kwa sababu fedha yake huvishwa mbele ya watu. Katika arusi ya Kitamili, baada ya thali, pambo la ndoa, kufungwa shingoni, bwana harusi huushika mguu wa kulia wa mkewe na kuuweka juu ya ammi, jiwe la jikoni la kusagia viungo, ili awe imara kama jiwe lile. Hapo ndipo anapomvisha metti, pete za fedha za kidole cha pili cha mguu. Kisha huonyeshwa nyota Arundhati, ile ndogo iliyojibana karibu na mwenzake katika kundi la Dubu Mkubwa, mfano wa mke asiyemwacha mumewe. Kama mwandishi wa tamthilia ameweka arusi, nakuomba umshawishi aweke tendo hili. Jiwe jeusi, mguu wa manjano, fedha mpya nyeupe: huhitaji pambo jingine jukwaani.

Nimesema mguu wa manjano kwa makusudi. Nyayo na vifundo vya bibi harusi hupakwa manjano, na kando ya unyayo huchorwa mstari mwekundu uitwao nalangu, unaotokana na manjano yaliyochanganywa na chokaa. Fedha huonekana vizuri juu ya ngozi hiyo kuliko dhahabu, ambayo ingepotea. Metti yenyewe ni waya mnene uliozungushwa mara mbili au tatu, ncha hazikuunganishwa, ili ipanuliwe au kubanwa kwa kidole cha mvaaji. Kwenye sakafu ya mawe hugonga, tik, tik, na kila aliyemo nyumbani hujua ni mke wa nani anayepita. Zamani wanaume nao walivaa metti, na katika jamaa nyingine bwana harusi bado huvishwa siku ya arusi. Mjane huvuliwa. Basi kama kuna mjane yeyote katika tamthilia yako, vidole vyake vya miguu viwe vitupu, na mtazamaji Mtamili ataelewa kabla mama huyo hajafungua kinywa.

Utasikia pia kwamba metti ilivaliwa kwa sababu inabana mshipa unaokwenda kwenye mji wa mimba. Maelezo hayo yameenea mno siku hizi, na mimi siyakubali: pambo hili ni alama ya ndoa, na alama haihitaji daktari wa kuitetea.

Mtoto wa miaka miwili ndiye rahisi kumvisha na ndiye atakayependwa na watazamaji. Kiunoni mfunge kamba nyeusi au mnyororo mwembamba wa fedha, arainjan, pambo la kwanza la mwanadamu katika nchi ile, mara nyingi zawadi ya mjomba. Mjomba kwa Watamili ana nafasi ileile unayoijua wewe kwenu: hakuna shughuli ya mtoto inayokwenda bila mkono wake. Kwenye kamba hiyo huning'inia kikopo chembamba cha fedha chenye kinga ndani, nasi tungekiita hirizi bila kusita. Akiwa msichana, mbele huwekwa kipande cha fedha chenye umbo la jani la mti mtakatifu wa arasu, araimudi, cha kumsitiri, kwa kuwa nguo nyingine hana. Miguuni thandai ndogo zenye vigololi, ili mama aliye jikoni ajue mtoto kafika wapi. Jukwaani hutamvua mtoto nguo, bila shaka. Mvike kisketi kifupi na uweke mnyororo na jani juu yake.

Mumewe mkulima hana mengi. Mnyororo wa fedha kiunoni kama alivuna vizuri mwaka ule, la sivyo kamba tu, na hiyo ndiyo inayoshika kitambaa chake cha ndani. Masikioni vishikizo vidogo. Kiunoni kikopo cha chokaa ya tambuu. Babu zetu wa pwani walikuwa na kijaluba chao cha uraibu, kwa hiyo hili halikusumbui.

Mke wa mkulima ndiye swali gumu, kwa sababu kabla sijakujibu lazima umuulize mwongozaji: huyu ana shamba lake, au ni kibarua katika shamba la mtu? Pambo la Kitamili halikuwa suala la uwezo peke yake. Wilayani Ramnad, kusini ya Kaveri, Desemba 1930, watu wa tabaka la Kallar waliwatangazia Adi-Dravida, yaani watu walioitwa wasioguswa, marufuku nane, na walioyapuuza walitendewa ukatili. La kwanza kabisa lilikuwa wasivae mapambo ya dhahabu wala fedha. Mengine yaliwakataza wanawake wao kufunika kifua, kuweka maua, na wanaume kuvaa shati, viatu au kubeba mwavuli. Soma orodha hiyo pole pole, mwanangu. Mtu hatangazi marufuku ya jambo ambalo hakuna anayelifanya: maana yake wanawake wale walikuwa wameanza kununua fedha, na kuivaa, na kupita nayo barabarani. Pwani yetu inaijua habari hii, kwani watumwa wa Unguja walinyimwa kofia na viatu, na baada ya uhuru wao vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza walivyovivaa.

Kwa hiyo kama mama huyo ni kibarua wa tabaka la chini, mpe shanga za kioo, bangili za shaba nyeupe au nyekundu, na masikioni vipande vya ukuti vilivyokunjwa. Ndiyo, ukuti: jani la mtende au mvumo lililoviringishwa likatiwa kwenye tundu la sikio ili lipanuke, ndugu kabisa wa majasi ya karatasi ambayo bibi zako waliyavaa Lamu na Mombasa. Kama ana shamba lake, mpe thandai nzito, metti mbili kila mguu, na shingoni kipande kidogo cha dhahabu, thali, kwenye uzi uliopakwa manjano. Hata mwanamke asiye na kitu alijitahidi thali yake iwe na chembe ya dhahabu. Mikononi usimjazie fedha: mwanamke aliyeolewa alivaa bangili za kioo, na alipofika mwezi wa saba wa mimba ndugu walimzidishia katika sherehe yake ya bangili. Nguo yake, sari ya yadi tisa iliyopindwa, ifungwe juu ya kifundo. Anafanya kazi kwenye matope ya mpunga, na mapambo ya mguuni lazima yaonekane. Asivae blauzi ya siku hizi, mfunge sari juu ya kifua, mabega wazi.

Fedha hiyo ilitoka wapi? Nchi ya Watamili haikuwa na machimbo ya fedha ya kujivunia, kwa hiyo ililetwa na bahari. Karibu na Coimbatore zimefukuliwa hazina za sarafu za fedha za Kirumi, nyingi za zama za Augustus na Tiberius, zilizolipwa kwa pilipili, lulu na vito. Kitabu kimoja cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinaeleza bandari hizo za kusini mwa India, Muziris na nyingine, na katika kitabu hichohicho imo pwani yetu na soko lake la Rhapta. Tulikuwa ukurasa mmoja tangu wakati huo.

Kufikia 1900 chanzo kikubwa kilikuwa rupia. Tangu 1835 rupia ya fedha ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na sehemu 11 kati ya 12 zilikuwa fedha halisi. Mama alimkabidhi sonara rupia, yeye akaziyeyusha. Rupia 20 zilitoa jozi ya thandai ya gramu 233 hivi, ujira mbali. Hakukuwa na siri: uzito wa pambo ulihesabiwa kwa rupia zilizoingia. Na mwaka huohuo wa 1900, Mombasa ilikuwa ikitumia rupia ileile.

Kwa hiyo pambo lilikuwa benki iliyofungwa mguuni, na benki hiyo ilifunguliwa siku mvua zilipokosekana. Njaa kuu ya 1876 hadi 1878 ililikumba vibaya jimbo la Madras, ambamo nchi ya Watamili ilikuwamo. Fedha za vifundoni ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikayeyushwa, zikawa sarafu tena. Hii ndiyo sababu ya zile picha zako. Jozi nzuri ya thandai ya karne ya kumi na nane ni kitu adimu, huku dhahabu ya hekalu ikiwa bado ipo au imo kwenye kumbukumbu. Kwenye kuta za hekalu kubwa la Thanjavur, lililojengwa na mfalme Rajaraja wa Chola na kukamilika mnamo 1010, yamechongwa maelezo ya vito alivyovitoa kwa miungu: idadi ya lulu, uzito kwa kalanju na manjadi, hata kutajwa kwamba uzito huo umejumlisha nyuzi, lakiri na misumari ya shaba iliyoshikilia mawe. Manjadi ni mbegu nyekundu ya mti, na 20 zilifanya kalanju moja. Karani yule aliandika mpaka uzito wa uzi wa mungu. Wa kuandika furungu la mkulima hakuwapo.

Na hata katika dhahabu unayoiona, fedha imejificha. Mapambo mekundu ya wachezaji wa bharatanatyam, ngoma ya jadi ya Kitamili, yale ya kipaji, msuko na kiuno, kwa jadi hutengenezwa na mafundi wa Vadasery, Nagercoil, karibu na ncha ya India. Msingi wake ni fedha. Mawe hushikiliwa kwa lakiri, kisha karatasi nyembamba ya dhahabu hubanwa kuyazunguka. Waigizaji wako si wachezaji wa hekaluni, kwa hiyo usiyakodi hata ukipewa kwa bei nzuri. Bibi harusi wa kijijini aliyevaa seti hiyo ni mtu wa picha za studio za leo.

Ukitaka mfano wa kuaminika, tafuta michoro ya Thanjavur na Tiruchirappalli ya mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, iliyochorwa na wasanii wa huko kwa ajili ya Waingereza. Kila ukurasa ni mume na mke wa kazi au tabaka fulani: mfinyanzi na mkewe, mfumaji na mkewe. Mchoraji ametumia rangi ya kijivujivu miguuni na ya njano shingoni, na ukishajua la kutazama huwezi kulikosa. British Museum na Victoria and Albert Museum za London wanayo mengi.

Kutengeneza ya jukwaani si kazi kubwa ukipata fundi mwelewa. Thattan, sonara wa Kitamili, alikuwa mmoja wa mafundi watano wa jamii ya Kammalar, pamoja na mhunzi, seremala, mfua shaba na mchonga mawe. Mara nyingi alifanya kazi barazani kwa mteja, chini ya macho yake: jiko la makaa, mrija wa kupulizia, bamba la chuma lenye matundu la kuvutia waya, kalibu. Thandai tupu alizitoa kwenye bamba lililogongwa kwenye kalibu nusu kwa nusu, akatia vigololi, akalehemu. Mwisho alizichemsha katika maji ya ukwaju zikatoka nyeupe kama chaki. Wewe mwambie fundi wako atumie bomba la shaba lililopakwa maji ya fedha, atie risasi za bunduki ya ndege ndani. Halafu pitisha masizi na mafuta kwenye mifereji ya nakshi, ufute juu. Fedha iliyovaliwa huwa nyeusi mashimoni na nyeupe migongoni, na ile ya bibi harusi pekee ndiyo iachwe nyeupe yote.

Nimebakisha mafurungu ya bibi yako. Mengi ya pwani yetu yana bawaba na msumari wa kufungia, na nakshi zake hufuata mkono wa Kiarabu. Thandai ya kijijini ni laini zaidi na huvutwa kupitia uwazi wake. Mtazamaji wa safu ya mbele anayejua atatambua. Kwa mke wa mkulima, ukigeuza bawaba nyuma, yatapita. Kwa bibi harusi hapana, kwa sababu taa yote itakuwa mguuni mwake pale kwenye jiwe. Kabla ya hayo yote nenda kayapime kwa sonara, uzito na ubora. Yakitoka sehemu 917 kwa 1000 au karibu na hapo, yaani zile 11 kwa 12, yaelekea yalikuwa rupia. Yakitoka karibu na 833, yaelekea yalikuwa riale za Maria Theresa, zile sarafu nyingine za fedha. Andika jibu kwenye kikaratasi pamoja na jina la bibi na mwaka uliyoyapata, ukiweke ndani ya kisanduku. Na usimruhusu mtu ayang'arishe kwa mashine.